Wiki ya Tisa

Yule mama wa Kiboriloni aliapa kwa mlima,
nao mlima siku hiyo ulikuwa umejifunika,
kwamba wote saba ni mitetea.
"Angalia macho yao," akaniambia. "Mapole."
Nikaangalia. Yalikuwa macho ya vifaranga.
Nikalipa.

Hapa Pasua ukuta wangu ndio ukuta wa Ndelilio,
mlinzi wa ghala la kahawa,
anayelala watu wakiamka.
Mwenye nyumba alisema mapema, kidole juu:
kuku fuga, Mama Aikaruwa, jogoo sitaki.
Kwa hiyo haikuwa udadisi. Nilihitaji kujua.

Wiki ya tatu nikachomoa sindano ya cherehani,
nikaitia uzi mweupe, nikaining'iniza
juu ya mgongo wa yule wa kijivu.
Ikizunguka, jike. Ikienda na kurudi, dume.
Ilizunguka.
Kisha ikaenda na kurudi.
Kisha upepo ukaingia dirishani
na kifaranga mmoja akawa jinsi zote alizoumba Mungu,
na nyingine ambazo bado.

Elinami fundi baiskeli akaja na kofia yake.
Akairusha juu yao, kivuli cha mwewe:
atakayelala chini ni mtetea,
atakayesimama wima, shingo ndefu, ni pora.
Sita wakakimbilia chini ya beseni.
Wa saba akaipanda kofia, akainyea.
Elinami akafikiri sana.
"Huyu," akasema, "dume."
Mkewe, kutoka kwenye kamba ya nguo:
"Huyo ni mwanamke aliyechoka."

Wiki ya sita yule mwekundu akaota upanga,
mwekundu kuliko yeye mwenyewe,
na miguu minene kama ya askari wa gwaride.
Nikaanza kumtazama kwa jicho la sufuria.
Nikampa pumba za mwisho. Nikampima kwa mkono.
Nilikwisha kununua na ndizi.

Lakini yule wa kijivu!
Upanga wake ulikuwa doa tu la waridi,
hatua zake ndogo, kama anaogopa kuchafua pindo.
Mjukuu wangu Ndeshi akamwita Bibi Harusi,
akamwandika hivyo katika daftari la hesabu,
akachora yai pembeni, akaliwekea tarehe.

Wiki ya tisa, alfajiri, baridi ya mlimani imeshuka,
nikasikia bawaba.
Geti lisilotiwa mafuta, nilidhani.
Mara moja, ikakatika katikati,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Kisha tena, ndefu zaidi,
na safari hii ikakumbuka.

Nikatoka na kanga na tochi.
Mwekundu amelala, hana habari.
Juu ya ndoo iliyopinduliwa amesimama Bibi Harusi,
shingo imenyooka, mdomo wazi,
akishangaa kuliko mimi.
Nikammulika kiunoni: manyoya yale
niliyoyaita uzuri wiki zote hizi
yamechongoka kama ncha za mkasi wangu.
Mimi, ninayekadiria kiuno cha mtu
akiwa bado ng'ambo ya barabara!

Nikamfunika kwa gunia.

Geti likafunguka, geti lenyewe sasa,
Ndelilio na rungu lake na chupa ya chai.
Akalitazama gunia.
Mimi pia nikalitazama, kama si la kwangu.
Gunia likawika.

"Alianza Jumanne," akasema Ndelilio.
"Sikutaka niwe mimi wa kukuambia."
Akaingia chumbani kwake. Nikasikia kitanda.

Ndeshi amesimama mlangoni, daftari mkononi,
anauliza nani analia.
Namwambia, andika: wa kijivu.
Kalamu imekaa karibu na lile yai lake.
"Niandike nini, bibi?"

Mwenye nyumba huja tarehe tano.
Leo ni ishirini na saba.
"Andika polepole," nikamwambia.