Kutia Moyo Kumekatazwa

Korido ya wodi yetu ina mita thelathini,
koni mbili za rangi ya chungwa, moja kila mwisho,
kiti cha atakayeishiwa pumzi,
na alama ya utepe mwekundu kila mita tatu.
Dirishani ni Łódź, Februari, theluji iliyokwisha kuwa tope,
na bomba la kiwanda lisilotoa moshi tena.

Namvika Bi Genowefa kidude kidoleni.
Kinambana taratibu, kinasoma hewa iliyomo damuni.
"Miaka thelathini na mmoja," aniambia,
"mimi ndiye niliyekuwa nikipima.
Jora likiingia mezani kwangu halikutoka na uongo,
wari kwa wari, kasoro naitia chaki.
Leo, kijana, jora ni mimi."

Dakika sita. Tembea uwezavyo, usikimbie.
Ukichoka simama; saa yenyewe haisimami.
Nami, Ksawery, nina karatasi ya masharti:
nisitembee ubavuni pake, nisije nikamwazima mwendo wangu;
nisipige makofi, nisimhimize;
kila dakika niseme sentensi iliyopangwa
kwa sauti ile ile, kama mtangaza vituo vya tramu.
Yaani moyo umechoka,
unasukuma robo tu ya damu iliyoujaa,
na mimi nimekatazwa kumtia moyo.

"Unafanya vizuri. Zimebaki dakika tano."
Viatu vyasugua sakafu, shwa, shwa.
Koni anaizunguka kwa upana, kama lori la makaa.

"Unafanya vizuri. Zimebaki dakika nne."
Mabega yanapanda. Midomo imeingia wino uliochuja.
Ananitazama kama karani aliyemla mshahara.

Dakika ya nne haijaisha, akashika ukuta.
Si kiti. Ukuta.
Karatasi yasema: "Waweza kuegemea,
kisha uendelee utakapoweza."
Nikasema hivyo.
Nilitaka kusema kwamba mama yangu naye alifuma
katika jengo lile lenye bomba,
kwamba pengine kitambaa chake kilipita chini ya chaki yako,
kwamba alikufa amekaa, mito mitatu mgongoni,
na hakuna aliyewahi kumpima.
Nikameza.

Mita mia mbili na kumi na nne.
"Toka sita hadi ishirini, pumzi ilikuwa nzito kiasi gani?"
"Kumi na saba."
Kisha: "Andika kumi na sita.
Moja ilikuwa hasira."

Wiki nane.
Baiskeli isiyokwenda popote, ngazi tatu za mbao zisizopanda kokote,
mizani kila asubuhi kabla ya chai,
chumvi iliyofichwa na bintiye, akaiona, akaiacha.
Mzee Teofil wa baiskeli ya pili
alikuwa akiongeza dakika moja kila juma;
juma la sita baiskeli ikabaki na taulo tu.
Hakuna aliyeuliza.
Bi Genowefa alilikunja lile taulo
pembe kwa pembe, mtu wa kazi,
akaliweka juu ya kiti, akarudi kukanyaga pedali.

Aprili. Korido ile ile, sentensi zile zile.
Hakusimama.
Mia mbili na sabini.

"Umeongeza hamsini na sita," nikamwambia,
"na vitabuni thelathini zatosha kuitwa nafuu."
Akafumba jicho moja, akakokotoa.
"Toka mlangoni kwangu hadi kwa mwoka mikate
ni arobaini na tisa. Saba zinabaki."
"Za nini?"
"Za kumpita. Mikate yake mibaya.
Anayejua kuoka yuko ng'ambo ya barabara."

Alipokuwa akivaa koti akainama kidogo,
akaitazama sakafu yangu.
"Alama yako ya tisa imeteleza," akasema, "kidole kizima."

Jioni, wodi ilipotulia, nikapiga magoti na futi ya chuma.
Kidole, kasoro ukucha.