Dhimari au Zimari

Sikio la kushoto nimempa msimulizi,
la kulia nimeliacha wazi kwa ajili ya nyumba:
sufuria ikifurika, mtoto akilia,
mtu akipiga hodi kuulizia kofia yake.
Ndivyo ninavyosafiri kwenda sayari ya mbali,
nusu nusu,
miguu mkekani, Wete, mtaa wa Limbani,
sindano mkononi.

Kaka yangu Shaame hakubali kuwa nasoma.
"Wasikiliza tu," asema, "kama matangazo ya vifo redioni."
Yeye anacho kitabu chenyewe, cha karatasi,
kimetoka naye Unguja ndani ya kiroba cha unga,
na miwani yake ameifunga uzi mwekundu
alioukata kwangu bila ruhusa.
Husoma akichezesha midomo.
Akifika pazito hata midomo husita,
na miye hujua: chombo kimeruka.

Changu huruka kwa pumzi ya mtu.
Namsikia anavyomeza mate kabla ya hatari.
Mara moja jogoo aliwika nyuma yake,
katikati ya utupu, mbali na kila jua,
na hawakumfuta.
Basi angani kwangu kuna jogoo.
Shaame alicheka hadi akavua miwani.
"Ukurasa wa themanini na nne! Angani hakuna sauti,
hakuna hewa ya kuibeba."
Nikamwambia, hebu isome tena hiyo, kwa nguvu.
Akaisoma kwa nguvu.
Tukaangaliana.

Na jina twaligombania.
Kwake sayari ni Dhimari,
ameiona kwa macho yake, d na h zimekaa bega kwa bega.
Kwangu ni Zimari, kwani msimulizi wangu
ulimi wake haupiti kati ya meno:
dhahabu kwake zahabu, dhambi zambi,
dhoruba ikivuma, ni zoruba.
Lakini miezi miwili nimeishi Zimari.
Nina watu wangu kule, nawajua kwa kikohozi.
Siwahamishi kwa ajili ya herufi.

Usiku ndio mashaka.
Kitabu cha Shaame kikimwangukia kifuani
humngoja. Mashujaa wake husimama mguu juu
mpaka alfajiri, wala hawamlaumu.
Wangu hawana subira hiyo.
Nilisinzia nikitia duara la tatu,
nahodha angali kijana, ana mchumba;
nilipozinduka alikuwa anazikwa,
na usukani umeshikwa na mjukuu.
Miaka tisini kwa dakika arobaini.
Duara lilikwenda upogo, sikulifumua.
Nilimlilia mtu ambaye sikumwona akizeeka,
kama tulivyomlilia baba, aliyefia Maskati,
sisi tukaletewa saa yake na barua.

Hili nilimweleza Shaame. Hakucheka.
Alifungua sura ya saba, ile niliyoilala,
akanisomea, kidole chini ya mstari,
akikwama kwenye majina,
akisoma maneno ya mapenzi kama anasoma risiti ya bati.
Nahodha akawa kijana kwa robo saa.

Ya mwisho yeye hanayo. Mchwa wamemlia;
kurasa zimebaki vitobo vitupu, kama kazi yangu,
ila kazi yangu ina mpango.
Siku tatu alijifanya hajali.
Ya nne alikuja akaketi, akanyoosha mkono,
hakusema anataka nini.
Nikampa kipaza cha kulia. Waya ni mfupi,
mabega yakabanana.
Umeme umekatika tangu magharibi,
simu ina asilimia sita.
Chombo kinashuka, mawingu yake ni ya kijani.
Tatu.
Mlango wa chombo unafunguka, mtoto anatia mguu.
Moja.
"Zimari," akasema msimulizi.
"Dhimari," akasema Shaame gizani,
na simu ikazima.

Hatukuutoa waya masikioni.