Asilimia Thelathini na Nane

Manispaa walinipa koti la rangi ya machungwa,
kitabu cha faini chenye karatasi za kaboni,
na kipimo chenye meno mawili kama nyoka.
Nalidunga gogo ubavuni, nasubiri,
nalo linakiri lenyewe.
Ishirini na tano, pita.
Zaidi ya hapo huchomi kuni,
unachoma mvua ya mwaka jana.

Husemwa pafukapo moshi pana moto.
Aliyesema hakuwahi kukaa Coyhaique mwezi Julai.
Hapa moshi hufuka siku tano na moto hauonekani,
kuni zinatoa povu, zinanung'unika ndani ya chuma,
na upepo umekwenda likizo Ajentina.
Baridi inashuka toka mlimani, inakaa juu ya bonde
kama kifuniko juu ya sufuria,
na sisi ndio mboga.

Saa kumi na moja redio inatangaza: kesho dharura.
Mpira usichezwe. Madirisha yafungwe.
Jiko la kuni lisiwashwe hadi alfajiri.
Arnoldo Vivar, muuza kuni, ananipigia honi toka lori lake:
"Mkaguzi wa moshi! Ukiukamata, utie pingu!"
Nacheka. Kukausha kuni kunataka banda na miezi tisa,
na deni la lori halingoji miezi tisa.

Kwenye mkutano wa mtaa diwani alisoma takwimu
mpaka taa ya ukumbini ikachoka.
Mwanamke mmoja wa kule juu akasimama, mtoto mgongoni:
"Jiko lenu jipya linakula peleti.
Peleti zikiisha dukani, nichome hizo karatasi zako?"
Diwani akanywa maji.
Akanywa tena.

Nyumba ya nne, mtaa wa Los Ñires,
jiko jipya lilifungwa Aprili.
Saini ipo, picha ipo, jiko kuukuu likaandikwa
kuwa limeshapelekwa kwenye vyuma chakavu.
Lakini nyuma ya banda la kuku kulikuwa na uzi mweupe
ukipanda wima, bila haya, kama kidole.

Nilisukuma mlango.
Alikuwa ameketi kwenye ndoo, soksi zikikauka ukingoni,
maganda ya viazi mapajani,
na lile jiko la marehemu baba likikohoa mbele yake.
"Funga mlango," akasema mama. "Baridi inaingia."

"Mama, na lile la serikali?"
"Linanguruma kama friji. Nimelizoea.
Lakini halina mahali pa birika."

Nikachukua gogo. Nikalidunga.
Thelathini na nane.

Nehuén, mwanangu, hulala kwake kila Alhamisi.
Pampu yake ya pumzi huiweka chini ya mto,
na mama huamka saa nane usiku kusikiliza kifua chake,
sikio likiwa juu ya blanketi,
nywele zake zikinuka hiki hiki ninachokiandikia faini.
Sikumwambia hilo. Alilijua.
Macho yake yalikwenda kwenye gogo,
yakarudi kwenye viazi.

Nilitoa kalamu.
Akanitajia jina lake lote, pole pole,
kama mtu asiyenizaa:
"Eduvina Nahuelpán Cárcamo.
Usisahau alama juu ya a. Zote mbili."
Nikaandika. Nikachana. Akaikunja mara nne,
akaitia ndani ya sidiria, palipo na pesa za kanisa.
"Sasa keti. Maji yamechemka."

Nikaketi juu ya ushahidi.
Tukapokezana kibuyu cha yerba, zamu kwa zamu,
macho yakitutoka machozi,
na hatukujua ni kwa sababu ipi.

Ofisini, chini kabisa ya fomu,
pana mstari usiojazwa na yeyote: *Maoni ya mkaguzi.*
Nikajaza:
Majiko yajayo yawe na mahali pa birika.

Ni wiki ya tatu. Sijajibiwa.
Nimeandika tena, kwa herufi kubwa.