Isipokuwa

Kitabu chake cha safari ni cha buluu,
kina mhuri wa Kanada na sentensi moja fupi:
nchi zote, isipokuwa Kenya.
Ndiyo maana kakangu Ndiema amesimama ng'ambo,
upande wa Uganda, pale Lwakhakha daraja linapoishia,
koti la baridi mkononi, kana kwamba jua hili
halikumlea.

Wauza vitunguu wanavuka. Ng'ombe wa mtu anavuka,
haulizwi kazaliwa wapi.
Mama naye, na miaka yake themanini na miwili,
kitambulisho kakifunga kwenye pindo la leso,
ametangulia na kibuyu cha maziwa lala
kutoka Cheptais, akigomba:
"Nani aliandika neno hilo? Ana mama?"

Mimi nimebaki huku na viatu,
vile alivyoviacha usiku ule wa moshi.
Nilitaka kumpa. Nikavitazama, ni vya mtoto,
nikavificha mgongoni.

Mto ni mwembamba hivi, lakini anapiga simu.
Anacheka: mtandao wa kwenu umenidaka,
umeniandikia Karibu Kenya.

Kisha kimya.
Nausikia mto mara mbili,
miguuni pangu, na ndani ya simu.