Kuchangamka

Kwenye ripoti ya darasa la nne Mwalimu Towo
aliandika kwa wino mwekundu: anaongea mno.
Mama akaisoma mara mbili, akaikunja,
akaniita kiherehere, akanipa gunzi la kwanza
nipukuchue kimya mpaka giza.

Ningefanyaje? Mtu akipita njiani
mdomo ulinitangulia getini.

Miaka ikaenda, tabia ileile, jina likabadili nguo.
Pale Kiborloni, juu ya robota la mitumba,
waliniita mchangamfu, na mashati yakatoka.
Kisha hoteli ya watalii ikabandika tangazo:
anatakiwa mhudumu, awe mchangamfu.
Domo lilelile la darasa la nne
sasa lina sare, lina mshahara, lina kadi ya bima.

Usiku nililichokonoa neno kama uzi wa nyama kwenye jino.
Soko huchangamka. Moto huchangamka ukipulizwa.
Anga nayo, masika yakikata.
Wajuao waseme wajuavyo; mimi humo ndani
nasikia kuchanga, kutoa mfukoni mwako
kwa harusi ya mtu usiyemjua vizuri.
Herufi moja ikiteleza nasikia kuchanja:
kuni, chale.

Eliafoo tulimzika Mbokomu, nyuma ya nyumba, migombani.
Wiki ya sita nikacheka dukani, jambo dogo tu,
muuzaji kahesabu chenji akanipa na nauli yake.
Shemeji akasema, macho yako kwenye mizani ya sukari:
umechangamka mapema.

Neno lilelile. Nikabeba sukari yangu nikaenda.

Siku hizi nikiamka natazama kaskazini.
Mara nyingi mlima haupo, ni mawingu matupu,
na hapa Moshi hakuna anayeuliza una nini,
hakuna anayeuita mpole, wala wa kujidai.
Ukijitokeza saa kumi na mbili, mweupe hadi kifuani,
tunaambiana tu: leo umetoka.
Saa tatu umeshaingia ndani.
Hausemwi.

Jana mgeni wa meza ya tano aliniuliza jina.
Nikamwambia. Nikamwambia na la marehemu,
ambalo hakuliuliza,
na jinsi alivyokuwa akikoroga chai bila sukari,
kijiko kikizunguka bure.
Msimamizi ananitazama kutoka kaunta.
Sijui ameandika nini.