Goti Huanguka

Saa tisa usiku upepo wa Punta Arenas
unasukuma mlango wa dharura kabla ya mkono wa mtu.
Mwanamume, koti limelowa, mtoto begani.
"Kaanguka kitandani," asema. Sijauliza bado.

Renato Barría. Miezi mitatu.
Nepi nzito kama taulo lililosahauliwa mvuani.
Nampima joto, nahesabu pumzi,
lakini jicho limekwama nyuma ya sikio la kushoto:
doa la zambarau, na jingine, na la manjano.
Umri wa madoa sisemi. Rangi hudanganya.
Nasema tu alichosema Ofelia wiki yangu ya kwanza,
akivua glavu, bila kunitazama:
"Goti huanguka. Sikio halianguki."

Asiyejua kujigeuza
alifikaje ukingoni mwa kitanda?

Kwa daktari, kitanda kikawa sofa.
Kwenye eksirei, sofa ikawa dada yake wa miaka minne.

Sindano ikaingia.
Nilingoja kilio kama mtu angojavyo basi la mwisho.
Hakulia. Alitazama taa tu,
kama mtu aliyekwisha kuuliza
na akajibiwa.

Julai iliyopita, katikati ya baridi,
aliletwa Maite, miguu yote miwili imeungua
mpaka juu ya kifundo, mstari umenyooka.
Niliandika: ajali ya birika.
Mama yake alikuwa mpole. Alinibusu shavuni.
Nilifika nyumbani, nikaketi kuvua soksi,
na mkono ukanifia njiani.
Maji ya ajali hurukaruka, mwanangu.
Hayashoni soksi.

Kwa hiyo leo siandiki "kapigwa."
Naandika: sentimita moja na nusu, nyuma ya sikio.
Naandika kitanda, sofa, dada,
kila neno ndani ya alama zake za kunukuu,
na saa lilipotamkwa.
Huenda si yeye. Mikono yake inatetemeka,
na amemfunga mtoto skafu yake mwenyewe.
Hilo si langu kulipima.
Mimi nina rula ya karatasi.

"Tunaweza kwenda sasa?"

Simu ya ustawi wa jamii inaita, inaita,
nimeibana kwa bega.
Namletea kahawa, sukari vijiko viwili,
ya moto sana, ya kunywewa polepole.