Vipimo vya Ghalib

Daftari langu la vipimo linanuka jasho na mafuta ya cherehani.
Ukurasa wa kwanza wa Ghalib bin Msellem una mstari mmoja tu:
mkono, kiwiko hadi kifundo, sentimita ishirini na saba.
Mwili sikuupima. Hawakuutaka.

Nyota wao katoka Kuwait, uso unang'aa kama birika la fedha,
ila udi kaushika kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenziwe.
Basi wakamleta Ghalib, karani wa bili za maji,
mpigaji wa harusi za Sib na Mabela,
wakamfunika shuka nyeusi hadi shingoni,
wakamwambia, piga.
Sekunde arobaini: mikono yake, mikono ya kanzu niliyoshona,
na juu yake uso wa mtu mwingine unalia.

Mama yake alikwenda sinema ya Kurumu mara tatu.
Mara zote tatu alisimama gizani:
"Kile kidole chenye kovu nilikifunga mimi, kwa pindo la kanga yangu!"

Ukurasa wa pili: kifua, mabega, urefu.
Kanzu tano za namna moja, maana atapigwa risasi
na mwongozaji anapenda kurudia.
Nikashona tano. Zote zikatobolewa.
Kutwa nzima Ghalib alikufa mlangoni Matrah,
nzi wamemganda, kwani damu ilikuwa asali ya tende.
Jioni akaja dukani ananata,
akaniuliza kama kuna chai.

Tangu hapo jina lake limepotea.
"Yule aliyekufa!" wanasema supamaketi, mbele ya mafungu ya kotmiri.
Harusini watoto wanamzunguka:
Ami, kufa tena!
Naye, bwana harusi akiwa tayari mlangoni,
anashika kifua, anaanguka ubavu, taratibu,
udi asiuvunje.
Watu wazima nao wanacheka.
Siku moja nilimwona akiinuka, akijipangusa,
ameshindwa kukumbuka wimbo aliuachia wapi.

Kurasa za katikati: dereva.
Baba mkwe wa tamthilia ya Ramadhani, tumbo la sponji.
Askari wa forodha. Dereva tena.
Kiuno kinaongezeka sentimita mbili kila mwaka,
na hiyo si sponji.

Kisha, mwaka jana, wakampa uso.
Uso mzima: mpiga udi mzee aliyezibwa masikio na maradhi.
Aliingia dukani hata viatu hakuvua.
Nikampima kama ninayempima kwa ndoa yake.
Lakini mwongozaji kasema: nyuzi usiziguse,
sauti tutaitia baadaye, Dubai, yuko kijana huko.
Wiki tatu vidole vyake vikatembea hewani,
unywele mmoja juu ya nyuzi,
kama anayembembeleza paka asiyependa kuguswa.

Usiku wa kuonyeshwa, macho ya mama yameshaingia mtoto wa jicho.
Akakaa kati yetu, kichwa kainamisha.
Udi ukaanza, safi, hauna doa.
Akanivuta mkono.
"Nani huyu?"
Mwanao, nikasema, uso wake umejaa ukuta mzima.
"Sikukuuliza uso. Mwanangu huchelewa kidogo
kabla ya kurudi kwenye noti ya nyumbani,
kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni.
Huyu kaingia tu."

Ghalib alisikia.
Akacheka mpaka wa mbele wakageuka.

Jana umeme ulikatika Ruwi, joto arobaini na sita,
cherehani zote kimya, feni imeinamisha shingo.
Alikuja kupimwa koti la kazi nyingine:
daktari wa ngamia, akasema, maneno kumi na mawili, sita ni jina la dawa.
Yuko juu ya kigoda, pini zangu zimemzunguka pindoni,
akaunyakua udi wake aliouegemeza kwenye majora.
Tulia, nikamwambia, zitakuchoma.
Hakutulia.
Zikamchoma, akapiga,
akateremka, akateremka, hatua moja kabla ya mlango
akasita.

Nilikuwa na uzi kati ya meno.
Sikuukata.